Jifunze kutengeneza tovuti kwa kumfundisha mwenzako: mwongozo wa mtu wa Lamu

Anayejifunza kutengeneza tovuti peke yake hufika mahali akadhani anajua. Ametazama video, amenakili kodi (maagizo ya kompyuta), ukurasa umefunguka, amelala na furaha. Mwambie amweleze jirani yake kwa nini ukurasa ule umefunguka, utamwona anavyobabaika. Njia ninayoiamini ni kutafuta watu watatu au wanne na kuwafundisha kile unachojifunza wiki hii, bila kungoja uwe bingwa. Maswali yao ndiyo yatakayokuonyesha palipo na tundu. Wala si jambo geni kwetu: chuoni, yaani madrasani, mwanafunzi aliyetangulia ndiye anayemsikiliza mdogo wake, na kwa kumsikiliza, ya kwake nayo hukaa.

Mfano nitakaoutumia ni mmoja: ukurasa wa nahodha anayepeleka wageni kwa mashua Shela, Manda na magofu ya Takwa. Chagua wako ukipenda, duka la shangazi au nyumba ya wageni, mradi uwe wa mtu halisi ambaye mnaweza kumwendea na kumuuliza. Zile tovuti za mazoezi za "orodha ya mambo ya kufanya" zimefundisha watu wengi kuandika orodha na si kingine.

Kwanza: chumba, wakati na bando

Baraza ni mahali pazuri pa mazungumzo, lakini skrini ya laptopu na jua la mchana havipatani. Tafuta chumba chenye kivuli na soketi. Baada ya sala ya Alasiri ndio wakati unaoshikika. Ramadhani sogezeni hadi baada ya Tarawehe, na siku za Maulidi usijisumbue kuita mtu. Kama kuna wasichana darasani, zungumza na wazazi mapema, mlango uwe wazi, na saa ya kumaliza ijulikane nyumbani kwao. Ukilipuuza hili, darasa litakwisha kabla hamjafika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa.

Bando ndilo linalomaliza nguvu za wengi, na hapa pana siri ndogo. Kurasa mnazoandika wenyewe hazihitaji intaneti ili kufunguka kwenye simu za darasa. Washa hotspoti ya simu yako, kisha zima data; simu nyingi za Android huiacha hotspoti ikiendelea. Unganisha laptopu na simu za wanafunzi hapo. Kwenye laptopu iliyowekwa Python fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), ingia kwenye folda ya kazi, andika `python3 -m http.server` (kwenye Windows mara nyingi ni `python` bila ile 3). Laptopu yako sasa ni seva, yaani kompyuta inayowagawia wengine kurasa, nayo hupokea wageni kwa namba 8000. Tazama anwani yake kwenye mipangilio ya mtandao, mara nyingi huanza na 192.168, na kila mmoja aiandike kwenye kivinjari cha simu yake, ikifuatwa na `:8000`. Windows ikiuliza kama Python iruhusiwe kwenye mtandao, kubali, la sivyo simu hazitafika. Usiposahau kuzima data, hakuna senti itakayotumika. Ukisahau, simu zao zitaanza kupakua masasisho ya programu kwa gharama yako.

Asiye na laptopu anaweza kuandika kodi kwa programu ya Acode kwenye simu ya Android. Vidole vitamchoka, lakini atajifunza. Wakati wa CSS mpeni zamu kwenye laptopu, kwa sababu kivinjari cha simu hakina kile kidirisha cha ukaguzi kinachofunguka kwa F12, na CSS bila kidirisha hicho ni kupapasa gizani. Maelezo ya kusoma yahifadhi siku ukiwa na waifai: tovuti ya DevDocs hukubali kuwekwa kwenye kivinjari na kusomwa bila mtandao.

Pili: kata kipande kidogo

"Leo nitafundisha CSS" ni somo lisilo na mwisho. "Leo tutapanga vitufe vitatu vya nahodha kwa safu moja, kisha visimame kimoja juu ya kingine kwenye simu" ndicho kiasi cha jioni moja. Siku ya kwanza kisome. Siku ya pili funga kila kitu ukiandike kwa kichwa, na mahali utakapokwama pawekee alama, maana wanafunzi nao watakwama papo hapo. Siku ya tatu kifundishe. Usikiache kikae wiki mbili. Ukishakizoea utasahau kilichokuwa kigumu, na mtu aliyesahau ugumu hueleza vibaya.

Angalia pia umri wa somo unalolisoma, kwa kuwa intaneti imejaa mafunzo ya zamani yaliyopakwa rangi mpya. Likitumia `var` kila mahali, halijafika toleo la mwaka 2015 la JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi, lililoleta `let` na `const`. Likipanga ukurasa mzima kwa `float`, ni la kabla ya CSS Grid kuingia kwenye vivinjari vikuu mwaka 2017. Tovuti ya MDN ndiyo rejea ninayoitegemea, na ni vyema wanafunzi wakuone ukiifungua mbele yao.

Kuhusu utaratibu sina mjadala: HTML (lugha ya kuandika yaliyomo kwenye ukurasa), CSS, JavaScript, kisha mengine. Vijana watakuja wakitaka React, zana ya kujengea kurasa kwa JavaScript, siku ya kwanza kwa sababu wameiona kwenye matangazo ya kazi. React ilitolewa mwaka 2013, na tangu hapo namna ya kuiandika imebadilika zaidi ya mara moja, wakati kurasa za HTML zilizoandikwa miaka ya tisini bado zinafunguka. Anayejua kitufe ni nini ndani ya kivinjari atajifunza React kwa haraka. Asiyejua atakariri.

Tatu: kibodi usiiguse

Hii ndiyo kanuni ngumu kwa mwalimu mwenye haraka. Mwanafunzi amesahau alama ya kufunga mabano, wewe umeiona, mkono unawasha. Ukae mbali. Uliza, "Kivinjari kinasemaje?" Mzoeze kusoma kwa sauti maneno mekundu ya konsoli, pale kivinjari kinapoandika makosa, hata kama Kiingereza chake ni cha kubahatisha, kwa kuwa ndani ya maneno hayo mna jina la faili na namba ya mstari. Nusu ya kazi hii ni kusoma malalamiko ya kompyuta bila kuogopa.

Kabla ya kuendesha kodi yoyote, kila mtu aseme kitakachotokea. Aandike kwenye karatasi kama ana haya. Kisha endesheni. Pale wote watakapokosea, nawe ukiwamo, ndipo penye somo la siku hiyo.

Jaribu hili: nahodha anataka fomu inayojumlisha wageni, watu wazima na watoto. Andikeni sehemu mbili za kujaza na alama ya `+` katikati. Mtu anajaza 4 na 2. Uliza jibu litakuwa ngapi, wote watasema 6. Skrini itaandika 42. Sababu ni kwamba kinachotoka kwenye fomu ni maandishi, hata kama kinafanana na namba, na `+` ikikuta maandishi huyaunganisha. Lakini usiishie hapo. Waambie wabadilishe `+` iwe `*`, nao watapata 8 iliyo sahihi kabisa. Mbona kuzidisha kunafaulu na kujumlisha hapana? Kwa sababu `*` haina maana nyingine kwa maandishi, hivyo JavaScript huyageuza kuwa namba kimyakimya. Wafundishe `Number()`, inayogeuza maandishi kuwa namba, kisha mjanja mmoja atajaribu kuipa namba ya simu inayoanza na 07, na ile sifuri ya mwanzo itapotea. Basi mmejua pia kwamba namba ya simu huhifadhiwa kama maandishi, wala hamkuipangia somo lake.

Nne: saa ya kwetu

Sehemu hii nitakaa nayo, kwa sababu hakuna video ya ng'ambo itakayokufundisha. Nahodha akisema mashua inaondoka saa moja asubuhi, kompyuta inaandika 7. Wageni wataka 7, watu wa mitaa yetu ya Mkomani na Langoni wataka saa moja. Waachie wanafunzi watafute wenyewe fanksheni, yaani kipande cha kodi chenye kazi yake, ya kugeuza saa. Wakimaliza kuzozana, iwe kitu kama hiki:

```
function saaYaKwetu(saa) {
  return (saa + 6) % 12 || 12;
}
```

Mstari mmoja, lakini uulizie kila alama. Kwa nini kuongeza sita, ilhali sote tunatoa sita kichwani? Ijaribuni kwa kutoa: 7 inatoa 1, sawa. Sasa wekeni 3, yaani saa tisa usiku. Jibu litakuwa -3. Katika JavaScript, `%`, yaani baki la mgawanyo, hubeba alama ya namba inayogawanywa, kwa hiyo hasi hubaki hasi. Ukiongeza sita hutakutana na hasi kamwe, na kwenye mzunguko wa kumi na mbili, kwenda mbele sita na kurudi nyuma sita hukufikisha mahali pamoja.

Kisha ile `|| 12`. Saa kumi na mbili asubuhi, kompyuta ina 6. Sita na sita ni kumi na mbili, baki ni sifuri. Hakuna mtu Lamu anayesema saa sifuri. JavaScript huihesabu sifuri kama "si kweli", hivyo `||` inaipita na kuchukua 12. Aliyesoma kidogo atauliza, "Mwalimu, si nimeambiwa siku hizi tutumie `??` badala ya `||`?" Swali zuri sana. Mwambie ajaribu. Itarudisha 0, kwa sababu `??` huruka tu pale ambapo hakuna thamani kabisa, na sifuri ni thamani. Nimeona watu wakizitumia alama hizi mbili kwa mazoea bila kujua tofauti yake. Ukiieleza mara moja kwa mfano wa saa, haitakutoka.

Bado asubuhi, mchana, jioni na usiku. Hiyo waipeleke nyumbani. Watarudi wakigombana jioni inaanza saa ngapi, na hapo waambie waende wakamuulize nahodha mwenyewe, kwa kuwa ukurasa ni wake. Mpango wa kodi hauwezi kutatua jambo ambalo watu hawajaafikiana.

Tano: ratiba inayotembea na maji

Safari ya Takwa hupita mkondo wa mikoko, na mashua huingia maji yakiwa yamejaa. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa dakika kama hamsini kila siku. Maana yake, ukiandika ratiba ndani ya HTML leo, kesho ni uongo. Wape wanafunzi ukurasa wa namna hiyo wausahihishe kwa mkono kwa siku kadhaa. Wakichoka watauliza wenyewe kama hakuna njia nyingine, na hapo ndipo mahali pa kuwaletea faili la JSON, yaani faili la data tupu: ratiba ikae peke yake kwenye `ratiba.json`, ukurasa uisome na kuipanga.

```
const jibu = await fetch("ratiba.json");
if (!jibu.ok) throw new Error("Ratiba haikupatikana");
const safari = await jibu.json();
```

Wengi hukwama kwenye `await`. Mimi hutumia mfano wa kumtuma mtoto dukani sukari. Ukishamtuma, mkononi huna sukari. Una ahadi tu kwamba mtoto ameenda. Bila `await`, unataka kutia ahadi ndani ya chai. Mfano huu una faida nyingine ambayo watu wengi waliosoma hawaijui. Mtoto akirudi akasema, "Mama, sukari imekwisha," amerudi. Safari yake imefanikiwa, ila jibu ni baya. Ndivyo `fetch`, amri ya kuleta faili, inavyolichukua kosa la 404, yaani faili halikupatikana: kwake si ajali, ni jibu kama majibu mengine, ndiyo maana mstari wa pili unakagua `ok`. Ajali ni pale mtoto asipofika dukani kabisa, yaani mtandao umekatika, na hiyo hukamatwa kwa `try` na `catch`. Zima seva mbele yao, kisha iwashe na ubadilishe jina la faili, wayaone makosa mawili tofauti kwa macho yao.

Kodi hii itakuletea na swali ambalo lazima liulizwe: "Mbona kwako inafunguka, kwangu hapana?" Tazama anwani ya juu ya kivinjari chake. Kama inaanza na `file`, amefungua faili kwa kulibofya mara mbili. `await` iliyosimama nje ya fanksheni inataka hati ya aina ya `module`, na vivinjari havikubali kupakia moduli wala kufanya `fetch` kutoka kwenye faili la diski, kwa sababu za usalama. Lazima ipitie kwenye seva, hata ile ya Python ya hapo juu.

Sita: daftari la "sijui"

Utaulizwa usichokijua. Sema hujui, andika swali na jina la muulizaji kwenye daftari, na somo linalofuata anza nalo. Kujibu kwa kubahatisha kunamharibu mwanafunzi, nawe unabaki na tundu lako. Baada ya muda daftari hilo litakuwa ndiyo ratiba yako ya kusoma, bora kuliko mpangilio wa kozi yoyote utakayoilipia.

Wanafunzi watatumia akili unde kuandikiwa kodi. Kukataza ni kujidanganya. Weka sharti moja: hakuna mstari unaoingia kwenye ukurasa wa nahodha mpaka aliyeuleta aweze kumweleza aliyekaa kando yake unafanya nini. Sharti hilo likuhusu na wewe.

Saba: kuuweka hewani

GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani, ni bure kwa mradi ulio wazi kwa umma, na inatosha kabisa. Git yenyewe, programu ya kutunza matoleo ya kodi, fundisha kwa ufupi: kuhifadhi, kutuma, kurudi nyuma. Matawi na mengineyo yatakuja.

Siku ya kupandisha, picha zitakataa. Kwenye laptopu zilikuwa sawa, hewani hazionekani. Tafuta herufi kubwa: faili linaitwa `Mashua.JPG`, kodi imeandika `mashua.jpg`. Windows haijali, GitHub Pages inajali. Yape mafaili yote majina ya herufi ndogo bila nafasi, kuanzia siku ya kwanza.

Picha za simu huja na megabaiti kadhaa kila moja. Zipunguze upana hadi pikseli 1200 hivi na uzigeuze ziwe WebP, aina nyepesi ya picha, kwa Squoosh, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari. Simu nyingine huandika ndani ya picha mahali ilipopigiwa, kwa hiyo hakikisha picha ya nyumba ya mtu haikubeba ramani ya kwenda kwake. Na mtu akionekana usoni, aombwe ruhusa. Adabu ya mji inataka hivyo, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayohusu taarifa za watu.

Hakikisheni mstari wa `viewport` upo kwenye kichwa cha HTML, bila huo simu huuchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 na maandishi huwa kama chawa. Andikeni `lang="sw"` ili kifaa kinachomsomea asiyeona kisisome Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza. Kitufe cha WhatsApp kiunganishwe na `wa.me` ikifuatwa na namba inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07 hakifiki popote.

Nane: mwanafunzi ashike somo

Mkifika hapa, somo linalofuata lifundishwe na mmoja wao, nawe ukae nyuma na daftari. Usimsahihishe katikati ya sentensi. Sikiliza hasa maneno anayoyaazima kwako bila kuyabadilisha, kwa sababu pengine hapo anakariri, na pengine hata wewe ulikuwa unakariri. Muulize baadaye, mkiwa wawili: "Ile `||` uliyosema, ingekuwaje kama nahodha anaondoka saa sita mchana?"

Mwanafunzi mgumu kuliko wote ni nahodha mwenyewe. Nendeni gatini maji yakiwa yamekupwa, wakati hana safari, mmoja wenu amfundishe kubadilisha `ratiba.json` kwenye simu yake kupitia tovuti ya GitHub. "Ami, hapa ndipo pa saa, hapa ndipo pa bei. Mengine usiyaguse." Mwonyesheni kwamba kila safari hutengwa na nyingine kwa mkato, na ya mwisho haina mkato, kwa sababu JSON huukataa na ratiba yote hutoweka. Ataukosea huo mkato. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mfungulieni historia ya faili, avunje ratiba makusudi mbele yenu, alifungue toleo la jana, alinakili na kulibandika mahali pa lile lililovunjika, mpaka aweze bila ninyi kumgusia simu.